Vuta Nukta Uone: Kompyuta Zetu na Somo la Hisabati Ugweno

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Ugweno. Imefanyiwa uhariri mdogo kwa ajili ya jarida hili.



 Wengi wenu mmepanda mlima kwa miguu tangu alfajiri, na wengine mmeacha kahawa na migomba ikiwasubiri. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Mezani kuna hoja mbili kuhusu chumba cha kompyuta cha shule yetu ya sekondari. Hoja ya kwanza inapendekeza chumba hicho kigeuzwe ofisi ya kuchapa barua na kutoa nakala, ili kiingize fedha badala ya kula fedha. Hoja ya pili ni barua ya marafiki zetu wa ng'ambo, wanaouliza kama tungependa kupokea kompyuta nyingine 20. Zote zimeletwa kwa nia njema. Naomba tu kwamba kabla hatujaamua, tujue kinachofanyika ndani ya chumba hicho kila Jumanne na Alhamisi alasiri, kwa sababu wengi wetu tumepita nje bila kuingia.

Kosa lililoanzia kwangu

Nianze kwa kukiri. Kompyuta za kwanza zilipofika, mimi ndiye niliyeandika taarifa kwa wafadhili. Niliandika idadi ya kompyuta, idadi ya meza na idadi ya wanafunzi waliofikiwa. Picha zilipigwa, taarifa ikasifiwa. Mwaka mmoja baadaye nilipopita tena, nilikuta mashine zimefunikwa vitambaa vilivyotariziwa vizuri, na zaidi ya nusu haziwaki. Zilizowaka zilitumika kufundishia kuandika barua. Hakuna aliyeiba wala aliyeharibu kwa makusudi. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimehesabu vyombo, sikuuliza vitafanya kazi gani ambayo chaki na ubao haviwezi.

Swali hilo nililipeleka kwa walimu, kwa kuchelewa. Mwalimu wa hisabati alinijibu kwa maneno machache: "Kwenye ubao, mchoro wangu hausogei." Sikumwelewa mpaka aliponionyesha.

Ndugu zangu, sote tunajua hali ya somo hili. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa kama asilimia 20. Mwaka 2023 walikuwa kama asilimia 25. Maana yake ni kwamba kati ya watoto wanne, watatu hivi walishindwa. Sababu ni nyingi: walimu wachache, vitabu vichache, madarasa yaliyojaa. Tena mtoto wetu anasoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na akiingia kidato cha kwanza lugha inageuka kuwa Kiingereza. Mara nyingi anachofanya ni kukariri sentensi. Sentensi anaijua, ila jambo lenyewe hajapata kuliona.

Programu yenyewe ni nini

Mwalimu wetu anatumia programu iitwayo GeoGebra. Si ya kwanza ya aina yake. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, walitengeneza programu ya Cabri, na mwaka 1991 ikatoka nyingine Marekani iitwayo Geometer's Sketchpad. GeoGebra ilianzishwa na Markus Hohenwarter, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisi tuliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, shule inaitumia bila kulipa ada yoyote. Pili, ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na inaweza kubebwa kwenye flashi na kutumika hata katika kompyuta iliyozeeka. Wenzetu wa Kenya wamekuwa wakiitumia katika kambi za hisabati za vijana zilizoanzia Maseno mwaka 2011. Kwa hiyo si jambo la Ulaya peke yake.

Sasa inafanya nini? Inachora nukta, mistari, pembe na duara. Lakini tofauti yake na daftari ni hii: ukishamaliza, unaweza kuishika nukta yoyote kwa kipanya na kuivuta, na umbo zima linasogea nayo. Kile ulichokifunga kwa kanuni kinabaki, na kile ulichokichora kwa kukisia kinaharibika.

Kazi ya kwanza wanayopewa wanafunzi ni kutengeneza mraba. Karibu wote huweka nukta nne kwa macho na kuziunganisha. Unapendeza. Kisha mwalimu anawaambia, "Vuteni kona moja." Mraba unapinda na kuwa kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Hapo ndipo wanaanza upya: mstari mmoja, kisha mstari unaokatana nao kwa nyuzi 90, kisha duara la kuhamishia urefu uleule. Wakivuta kona ya mraba huo wa pili, unakua, unapungua, unageuka, lakini unabaki mraba.

Wazee wangu, hili mnalijua kuliko mimi. Ugweno ni nchi ya mafundi tangu enzi za ukoo wa Washana, waliofua chuma katika milima hii. Na Bwana wetu alitufundisha habari za nyumba mbili, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya mchanga. Siku ya jua zote mbili zilionekana nzima. Dhoruba ndiyo iliyoonyesha ipi ilijengwa. Katika chumba kile, kuvuta nukta ndiyo dhoruba yetu ndogo.

Kamba ya fundi

Siku moja tulimwalika mzee wa kanisa ambaye ni fundi mwashi. Alikuja na kamba, vigingi na futi kamba yake. Akawaonyesha wanafunzi, nje uwanjani, jinsi anavyopata kona ya msingi wa nyumba: anapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya kukatisha lazima isome mita 5 kamili. Wanafunzi walikuwa wamekariri kanuni ya Pythagoras, wala hawakujua kwamba fundi wa kijijini anaitumia kila anapoanza nyumba.

Waliporudi ndani waliijenga kwenye skrini. Mstari wa urefu wa 4. Duara la nusu kipenyo 3 upande mmoja. Duara la nusu kipenyo 5 upande wa pili. Pale maduara yanapokutana ndipo kona ya tatu. Pembe ikasoma nyuzi 90. Kisha wakaweka kitufe cha kusukuma kushoto na kulia, kinachobadilisha ule urefu wa 5. Walipoupunguza kuwa 4.8, pembe ikashuka hadi kama nyuzi 85. Walipouongeza kuwa 5.2, ikapanda hadi karibu nyuzi 95.

Fundi wetu alivaa miwani, akasogea karibu. Akawaomba wapige hesabu: kosa hilo la sentimita 20 kwenye kamba litaupeleka wapi ukuta wa mita 10? Jibu lilikuwa kama sentimita 80 nje ya mstari. Akanyamaza kidogo, kisha akataja jengo moja ambalo bati zake zilikataa kukaa sawa, na akasema kwamba sasa anajua kosa liliingilia wapi. Vijana walicheka, naye akacheka. Lakini siku ile hakuna mwanafunzi aliyeuliza hisabati ina faida gani.

Swali la binti wa kidato cha tatu

Naomba niwaeleze tukio moja zaidi, kwa sababu ndilo lililonifanya nisimame mbele yenu leo.

Kidato cha tatu wanasoma kanuni za duara. Mojawapo inasema kwamba pembe iliyo kwenye kitovu cha duara ni mara mbili ya pembe iliyo kwenye mzingo, endapo zote mbili zinatazama tao moja. Wanafunzi waliijua kwa Kiingereza neno kwa neno. Mwalimu akawaagiza waijenge. Wakaweka nukta mbili kwenye mzingo, wakapima pembe ya kitovuni: nyuzi 100. Wakaweka nukta ya tatu upande wa pili wa duara: pembe yake nyuzi 50. Wakaivuta nukta hiyo kulia na kushoto. Ikatembea juu ya mzingo, na pembe ikabaki 50.

Binti mmoja hakuishia pale alipoambiwa. Aliendelea kuvuta mpaka nukta yake ikaipita mojawapo ya zile nukta mbili za kwanza, ikaingia upande wa pili. Pembe ikaruka kutoka 50 hadi 130. Akainua mkono, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, kanuni imevunjika."

Mwalimu angeweza kumwambia arudishe nukta mahali pake. Hakufanya hivyo. Alimwambia, na alisema mbele ya darasa, kwamba wataangalia pamoja, na kila mmoja aende na swali hilo bwenini. Alhamisi walirudi na karatasi. Mmoja aligundua kwamba 50 na 130 zikijumlishwa ni 180. Mwingine akasema kwamba kitovuni kuna pembe mbili, si moja: ile ya 100, na ile kubwa ya upande wa pili, ambayo ni 260, kwa kuwa mzunguko mzima ni 360. Na nusu ya 260 ni ngapi? Ni 130. Kumbe kanuni haikuvunjika. Nukta ilipovuka, ilianza kutazama tao jingine.

Bila kuambiwa, watoto wale walikuwa wamefika kwenye kanuni inayofuata katika kitabu chao: kwamba umbo la pande nne likikaa ndani ya duara na kona zake zote zikigusa mzingo, pembe zinazotazamana hujumlika kuwa nyuzi 180. Mwalimu alisema kwamba miaka yote amekuwa akiiandika ubaoni kama kanuni mpya. Mwaka ule alikuta tayari imo darasani.

Mambo ambayo kompyuta haiyawezi

Nisingependa mtoke hapa mkidhani nimeleta dawa. Yapo mambo manne lazima niyaseme wazi, hasa kwa marafiki wanaotusaidia.

La kwanza, kuona si kuthibitisha. Skrini ikisoma 90 mara mia, bado hatujajua kwa nini. Tena programu hukadiria tarakimu za mwisho, kwa hiyo kinachoonekana sawasawa huenda kimepungua kidogo sana. Ndiyo maana kila kipindi kinaanzia kwenye karatasi na kuishia kwenye karatasi. Mtihani wa taifa nao unafanywa kwa kalamu, rula na bikari.

La pili, ukiwaacha wanafunzi wenyewe, wavulana hushika kipanya na wasichana hubaki kutazama. Tuliona hivyo majuma ya kwanza. Sasa mwalimu ana saa mezani, na kila dakika kumi kipanya kinabadilisha mkono. Yule binti niliyemtaja asingeweza kuuliza swali lake kama asingeshika kipanya.

La tatu, umeme. Ukikatika saa nane mchana, kipindi kinakwisha. Betri zetu za sola zimechoka, na hakuna mfuko wa kuzibadilisha.

La nne, na hili ndilo kubwa, kazi hii inakula muda wa mwalimu. Kipindi cha dakika 80 kinahitaji jioni nzima ya maandalizi, kwa sababu mchoro lazima ujengwe vizuri kabla wanafunzi hawajauvuta. Mwalimu huyo huyo ana vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha. Akihamishwa kesho, kompyuta zitarudi kuvaa vitambaa.

Aidha, mtaniuliza kama matokeo ya mtihani yamepanda. Ni mapema mno kusema, na safari hii sitaandika taarifa ya kufurahisha watu. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba wanafunzi sasa wanauliza maswali, na kwamba wapo wanaobaki darasani baada ya kengele.

Ninayoyaomba

Ndugu Mwenyekiti, wamisionari wa Leipzig walipofika Shighatini zaidi ya miaka mia moja iliyopita, shule na kanisa vilikwenda pamoja. Wazee wetu walichanga, wakabeba mawe, wakapeleka watoto. Sisi tunakaa katika nyumba waliyoianza. Naleta basi mapendekezo matatu.

Kuhusu hoja ya kwanza, sipingi huduma ya kuchapa na kutoa nakala. Wananchi wanaihitaji, maana sasa mtu hushuka mpaka Mwanga kwa ajili ya karatasi moja. Ifanyike Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alasiri, na Jumamosi. Lakini Jumanne na Alhamisi chumba kibaki cha hisabati, wala kisiguswe hata kama kuna wateja mlangoni. Mapato yaandikwe, yasomwe kila robo mwaka mbele ya kamati hii, na yaingie kwanza katika mfuko wa betri. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kuhusu hoja ya pili, naomba tuwajibu marafiki zetu kwa shukrani na kwa ukweli. Kompyuta 20 zaidi zitahitaji umeme zaidi, meza zaidi na mlinzi, ilhali mwalimu ni yuleyule mmoja. Tuwaombe, kama inawezekana, gharama hiyo igeuzwe kuwa mafunzo ya siku tano wakati wa likizo kwa walimu wawili wa hisabati kutoka kila sekondari ya Ugweno, pamoja na projekta moja imara. Walimu wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa mwingine anabaki. Na michoro watakayoijenga iwekwe kwenye flashi, ibaki shuleni kama vitabu vinavyobaki maktabani.

Ninajua kwamba mwenye kuomba ana kawaida ya kupokea anachopewa. Marafiki zetu mliopo hapa, msituelewe vibaya. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, akatuonya tusianze kabla ya kupiga hesabu ya gharama yote. Kuwaambia ukweli kuhusu gharama ni sehemu ya shukrani yetu kwenu.

Pendekezo la tatu ni kwenu wazazi na wazee, na halina gharama. Fundi wetu alikuja na kamba. Nani atawapeleka watoto kwenye mfereji? Mifereji yetu ya kumwagilia inajengwa na watu waliojua kwamba mteremko ukizidi maji yanakula udongo, na ukipungua yanaacha matope njiani. Hiyo ni mada ya kidato cha kwanza: mteremko ni kushuka kugawanya kwa umbali. Mfereji ukishuka sentimita 10 katika mita 10, mteremko wake ni 0.01, na mtoto anaweza kuujenga kwenye skrini jioni ile ile. Anayesimamia zamu za maji, seremala anayepiga kenchi, mama anayepima kitambaa cha vazi la kwaya, kila mmoja ana somo la umbo mkononi mwake. Tunaomba majina. Mwalimu atapanga siku.

Mwisho, nimewaombea ruhusa wanafunzi wawili kutoka kidato cha tatu. Baada ya chai watakuwa ndani ya chumba, na betri tumezitunza tangu jana kwa ajili yenu. Kila mjumbe atapewa kipanya kwa dakika chache, naomba hata wale wasiowahi kukishika. Mtaoneshwa mraba mmoja uliochorwa na mwingine uliojengwa. Vuteni kona, mwone. Kisha turudi hapa tupige kura.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yetu.